Nchi Tano kwa Siku Saba: Mwongozo wa Likizo kwa Mtu Ambaye Duara Lake Limetema

Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likitema dhahabu, ratiba ya likizo ya mwenyewe inajulikana kabla hajanawa tope mikononi. Siku ya kwanza ni Katoro: nyama choma, vinywaji kwa meza nzima na kwa meza za jirani. Siku ya pili ni Kahama, chumba chenye kiyoyozi, suruali mpya na viatu vinavyobana. Siku ya tatu na ya nne ni Mwanza, na hapo msafara umeshafika watu kumi na wawili, wote wakimwita "bosi". Siku ya tano bosi anapunguza sahani. Siku ya sita kila rafiki anakumbuka kuwa kuna msiba kwao. Siku ya saba anaomba nauli ya kurudi Rwamgasa, na duara analikuta limejaa maji.

Nimeishi na watu hawa, nawapenda, na mwongozo huu nimewaandikia wao kwanza. Nimemwandikia pia mkulima wa pamba wa Kishapu aliyelipwa msimu wake, mama wa Kahama anayeuza mchele kwa magunia, na mwalimu wa Ushirombo anayemaliza likizo ya Juni akisahihisha madaftari barazani. Wote wana ugonjwa mmoja: wakisikia neno likizo wanamfikiria Mzungu mwenye kofia kwenye gari lililofunguliwa paa. Mtu wa Usukuma husafiri kwa ajili ya msiba, harusi, mganga au mzigo. Kusafiri ili kuona tu, hapana. Mtu akifanya hivyo wazee huuliza amepatwa na nini.

Na ni sisi, kuliko Watanzania wengi, tuliowekwa njia panda. Kutoka Kahama hadi Kigali ni kama nusu ya njia ya Kahama hadi Dar es Salaam. Usiku kucha malori ya makontena yanatoka bandari kavu ya Isaka kuelekea Rwanda na Burundi, yanapita Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, na mtoto aliyekulia kando ya barabara hiyo anakutajia nchi ya lori kwa kuona namba zake tu. Mzigo wa jirani tumeupisha mlangoni tangu tukiwa wadogo. Kwa jirani mwenyewe hatujafika.

Kwanza, chana ratiba uliyonayo

Ratiba ya kwanza huandikwa baa, nyuma ya pakiti ya sigara, na huwa hivi: Jumatatu Kigali, Jumanne Bujumbura, Jumatano Goma, Alhamisi Kampala, Ijumaa Kisumu, Jumapili nyumbani kwa misa. Nchi tano kwa siku saba. Kwenye ramani ya ukutani inawezekana kabisa, maana kidole kinatoka Kigali na kufika Bujumbura kabla hujapumua.

Kidole hakigongewi mhuri. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na tangu hapo mtu wa Kigali aliyetaka Bujumbura kwa barabara alilazimika kurudi Rusumo, aingie Tanzania, apite Ngara na kuvuka Kobero. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Huko kuna watu waliokimbia na magodoro kichwani. Si mahali pa kwenda kupiga picha ya likizo, na Wakongo wanastahili heshima hiyo kutoka kwetu. Hata mpaka wa Rwanda na Uganda pale Gatuna uliwahi kufungwa, kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Mipaka ya ukanda huu hufungwa na kufunguliwa kama lango la zizi. Kabla ya kukata tiketi, nenda Isaka au pale malori yanapolala, umuulize dereva aliyetoka huko juzi. Huyo ndiye mwenye habari za leo.

Hata kama mipaka yote ingekuwa wazi, ratiba hiyo bado ningeichana. Mtu anayepita nchi tano kwa siku saba huona viti vya basi vya aina tano, basi. Akirudi na kuulizwa Kampala pakoje, atasema pana foleni. Nchi mbili, siku kumi na mbili: hiyo ndiyo hesabu yangu na sipunguzi hata siku moja.

Njia ninayoipendekeza ni duara, neno ambalo kila mchimbaji analiheshimu. Kahama, Rusumo, Kigali, kisha milimani hadi Kabale, Mbarara, Masaka, Mutukula, Bukoba, na nyumbani Geita kwa ziwa au kwa barabara. Unamaliza karibu na ulipoanzia bila kurudia njia, isipokuwa kwamba utauvuka Mto Kagera mara mbili: unapokwenda, pale Rusumo, na unaporudi, pale Kyaka. Ni mto ule ule, umezunguka kwa nyuma kukusubiri.

Kenya ibaki mwaka mwingine. Ina njia yake kupitia Lamadi, Tarime na Sirari, na samaki wa Kisumu anataka mtu asiye na haraka. Burundi nayo ipewe safari yake peke yake, ukishaulizia hali ya mafuta, maana miaka ya karibuni uhaba wa petroli umewatesa sana na mabasi yamekuwa yakilala. Siku utakapokwenda, usiishie kwenye fukwe za Bujumbura. Panda hadi Gishora, karibu na Gitega, uzione ngoma za Warundi zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Msukuma anayejivunia ngoma za Bugika na Bugalu akizisikia ngoma zile atakaa kimya kwa dakika kadhaa, jambo ambalo ni nadra.

Karatasi kabla ya suruali

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Serikali zao zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Kwa hiyo ile kadi ya NIDA unayoionyesha kwa kujiamini kila mahali haitakuvusha Rusumo. Unahitaji pasipoti. Ukiwa nayo, wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: huombi viza wala hulipii viza Rwanda, Uganda, Burundi au Kenya.

Karatasi ya pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo yenyewe ichome angalau siku kumi kabla ya safari, kwa sababu kabla ya hapo haihesabiki, na ukishachanjwa imetosha kwa maisha yako yote. Shirika la Afya Duniani liliondoa ukomo wa miaka 10 mwaka 2016. Mpakani kuna watu watakaokupa kadi bila sindano. Wakatae. Wanakuuzia karatasi, na karatasi haimzuii mbu. Ukikuta unapimwa joto kwenye paji la uso, vumilia: ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera mwaka 2023, ukazuka Rwanda Septemba 2024, ukarudi Kagera, Biharamulo, Januari 2025. Yule kijana mwenye kipimajoto anailinda familia yako pia.

Sasa nasema na mwenye duara peke yake, wengine wazibe masikio. Usivuke mpaka na dhahabu. Hata pointi chache zilizofungwa kwenye karatasi ya sigara, hata kama kuna mtu amekunong'oneza kuwa bei ya Kigali au Kampala ni nzuri kuliko ya kwetu. Geita ina soko lake la madini tangu Machi 2019. Uza pale, chukua risiti, nenda likizo ukiwa na fedha halali na usingizi halali. Nimeona mtu akishushwa kwenye basi kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na basi halikumsubiri. Likizo yake aliimalizia kwenye benchi la kituo, mke wake akizunguka nje na kikapu cha chakula.

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, beba, tena beba mingi, kwa sababu hakuna chakula cha safari kinachoishinda: haivunjiki, haiozi, na ukiitafuna taratibu inakuvusha hadi Nyakanazi bila kushuka. Ila itie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, na pale mpakani mfuko wako utabaki wao huku michembe ikiendelea na safari mikononi mwako.

Nani aende, na fedha ikae wapi

Wale kumi na wawili wanaokuita bosi usiwape hata tarehe ya safari.

Nenda na mama watoto. Naliandika hili kwa uzito wote. Mwanamke aliyeolewa machimboni amepika kwenye moshi, ameponda mawe kwa nyundo huku mtoto yuko mgongoni, amekaa usiku bila kujua kama mumewe atapanda kutoka duarani au ataletwa. Duara likitema, anayeonjeshwa kwanza ni mtu wa baa. Na kama duara ni lake, maana siku hizi wapo akina mama wenye maduara yao, basi amchukue dada yake au mama yake mzazi, wakae wawili kwenye kiti cha dirishani, waone milima.

Fedha igawe mafungu matatu kabla hujatoka nyumbani. Fungu la kwanza ni nauli ya mzunguko mzima. La pili ni kula na kulala. La tatu ni la kurudia, na hilo usisafiri nalo: mwachie mtu wa nyumbani asiyekunywa, akutumie kwa simu siku utakayokanyaga Mutukula upande wetu. Faranga za Rwanda na shilingi za Uganda badili kwenye duka lenye leseni, hesabu mwenyewe, taratibu, kabla ya kuondoka dirishani. Vijana wenye mabunda mkononi pale mpakani wana kasi ya ajabu ya vidole. Sisi wenyewe tunapima dhahabu kwenye mizani ndogo na kugombana kwa pointi moja. Tusiache laki zihesabiwe kwa kupepesa macho.

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti. Mvua zimekatika, pamba imeanza kulipwa, shule zimefungwa kwa sehemu, na vumbi la Runzewe unalizoea. Wiki ya tarehe 7 Aprili usiende Rwanda kutafuta starehe. Ni wiki ya kuwakumbuka waliouawa mwaka 1994. Muziki wa baa unazimwa, na nchi nzima inaomboleza. Ukiwa huko wakati huo, nenda kama mtu aendavyo msibani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nayo ni umuganda: asubuhi hadi saa tano watu wanafagia, wanapanda miti, wanachimba mifereji, maduka yamefungwa na magari ni ya kuhesabu. Mgeni anayefika asubuhi hiyo akidai chai atapewa jembe, na nashauri alishike.

Ng'ambo ya Rusumo

Ondoka Kahama alfajiri. Baada ya Nyakanazi na Lusahunga njia inaanza kupanda na kushuka, hewa inabadilika, migomba inaongezeka, na vichuguu vya kwetu vinabaki nyuma. Utapita Benako. Leo ni njia panda ya malori, chipsi na mayai, lakini mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na mahali hapo pakawa kambi kubwa ya wakimbizi kuliko miji mingi ya mkoa. Wazee wa Ngara walioshuhudia wapo. Ukipata mmoja kwenye benchi la stendi, mnunulie chai na usikilize zaidi kuliko kusema.

Daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016. Unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Chini yako Kagera inaanguka kwenye miamba, maji ya kahawia, kelele, unyevu hadi usoni. Umeme wa maporomoko hayo sasa wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Simama hapo dakika kumi. Watu wengi hupita wamelala.

Ukivuka tu, mambo matatu yanabadilika kwa pamoja. Gari linahamia upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo Kigali ukitaka kuvuka kwa miguu angalia kushoto kwanza; macho yaliyozoea Kahama yatatazama kulia na pikipiki itatokea mgongoni. Saa inarudi nyuma kwa saa moja. Na tiketi inaandikwa kwa saa za kizungu: ikisema 07:00, basi linaondoka saa moja asubuhi ya kwao, ambayo ni saa mbili asubuhi ya Kahama. Zungusha mshale wa saa yako palepale mpakani, usiuache hadi kesho. Nimewaona watu wazima, wenye mashamba na wajukuu, wakibishana stendi ya Nyabugogo kuhusu basi ambalo lilikuwa limeshafika nusu ya njia.

La nne ni la bodaboda. Kahama tunapanda mshikaki, watu watatu na mbuzi, na tunafika. Kigali abiria ni mmoja, na anavaa kofia ngumu. Mshikaki kule uko kwenye sahani tu, wenyewe wanauita brosheti, wa mbuzi, na ndizi ya kuchoma pembeni. Mgahawani agiza pia isombe. Utacheka kimoyomoyo ukitambua kuwa ni kisamvu, binamu yake wa karibu kabisa.

Lugha isikutishe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ukifika Nyamirambo utakisikia vibarazani kama uko Ujiji. Hata hivyo anza na "muraho" na umalize na "murakoze". Sisi tuliolelewa kwa mwangaluka na mwadila, tunaopiga goti kumsalimia mkubwa, tunajua kuwa salamu ndiyo mlango wa nyumba.

Siku ya kwanza kamili Kigali, asubuhi, nenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Wengine huiweka siku ya mwisho, au huiruka kwa kusema wamekuja kufurahi. Iweke mwanzo. Utautazama mji wote kwa macho mengine baadaye: usafi ule, utaratibu ule, watu wazima wanaozungumza kwa sauti ya chini. Jioni kaa na mwenzako mahali pa utulivu, msile haraka.

Kesho yake nenda ukanywe maziwa. Hili nalisema kwa kila Msukuma anayedhani anayajua maziwa. Kigali kuna maduka yanayouza maziwa kama kwetu zinavyouzwa bia. Unaingia asubuhi, unakuta wafanyakazi wa ofisi, madereva wa pikipiki, mama na mwanawe, wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja ameshika kikombe kikubwa au glasi ndefu. Muuzaji anauliza moto au mgando. Mgando wao, ikivuguto, ni mzito, mweupe kama chokaa, una uchachu wa mbali, na unashushwa na chapati au andazi. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna anayemnunulia mwenzake raundi ili aitwe bosi. Mtu anakunywa, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, analipa, anakwenda kazini. Nilikaa pale nikawaza maziwa yetu yanayopita Shinyanga kwenye madumu ya njano nyuma ya baiskeli, na mwenye ng'ombe mia tatu anayekunywa soda. Fungueni duka la namna hiyo Kahama. Nitakuwa mteja wa kila siku.

Kutoka Kigali shuka kusini hadi Nyanza, kwenye makazi ya wafalme wa kale. Nyumba ya nyasi ya mfalme ni kubwa na imesukwa kwa ustadi, lakini wewe uliyezaliwa na ng'ombe zizini pitiliza hadi nyuma, walipo inyambo. Pembe zao zinapanda juu, nene, nyeupe, zinakaribiana nchani kama mikono inayoomba dua. Wamevishwa shanga kwenye paji la uso. Mchungaji wao anawaimbia mashairi ya sifa, polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na ng'ombe wanamsogelea. Baba mmoja wa kwetu niliyesimama naye alivua kofia. Hakusema lolote hadi tulipofika barabarani, kisha akauliza kama wanauza. Hawauzi.

Sokwe wa milimani wapo Rwanda na Uganda. Mtalii wa nje anayewatembelea Rwanda hulipa dola 1,500 kwa siku moja. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, ya chini zaidi, na pasipoti yako ndiyo ushahidi. Uliza mapema. Ukiona bado ni ghali, subiri mwisho wa mwongozo huu, kuna habari njema ya Rubondo.

Milimani, halafu Masaka

Ukivuka Gatuna na kuingia Uganda, magari yanarudi kushoto na saa inarudi kuwa ya Kahama. Sasa vaa sweta. Watu wa Shinyanga hawaamini kuwa karibu na ikweta kunaweza kuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, hadi wafike Kabale. Kaa siku mbili kwenye Ziwa Bunyonyi. Vilima vyake vimekatwa matuta kutoka chini hadi kileleni, kila kipande kimelimwa, na visiwa vimetawanyika kwenye maji tulivu. Kodi mtumbwi na mwenye mtumbwi. Usijaribu kupiga kasia mwenyewe kwa ajili ya kumfurahisha mkeo.

Mbarara ni nchi ya ng'ombe tena, wa Ankole, ndugu wa inyambo. Omba eshabwe, mchuzi mweupe unaotengenezwa kwa samli, ule na matoke au ugali wa ulezi. Njiani kutakuwa na rolex: mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati ya moto, na nyanya mbichi ndani. Bei yake ni ndogo na inashibisha kuliko mahoteli mengi.

Kiswahili nchini Uganda kina historia nzito. Kwa miaka mingi watu wengi walikisikia kutoka kwa askari wenye bunduki, kwa hiyo usimwagie mtu maneno kwa sauti ya juu kana kwamba umemkuta Katoro. Sema taratibu, tabasamu, anza na salamu ya kwao. Na ukifika Masaka kumbuka kuwa Februari 1979 mji huo ulibomolewa kwa mizinga ya jeshi letu wakati wa vita dhidi ya Idi Amin. Kwetu tunasimulia ushindi. Kwao wapo wanaokumbuka nyumba ya babu iliyobomoka. Ukikutana na mzee anayetaka kuzungumzia siku zile, mpe nafasi.

Kutoka Masaka unaweza kukimbilia Kampala siku mbili ukitaka, na kupiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe. Mimi ningeshuka Mutukula moja kwa moja. Ukipita Novemba utaona mataa makali na mapipa yaliyozungushiwa mabati kando ya barabara: wanatega senene, na Mhaya yeyote ndani ya basi ataanza kuchangamka kabla ya mpaka.

Kurudi

Baada ya Mutukula unafika Kyaka, unavuka Kagera mara ya pili. Daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Amin Novemba 1978. Mwonyeshe mtoto wako, mwambie huu ndio mto mliouacha ukianguka Rusumo, na sasa unakwenda kwenye ziwa letu, halafu Naili.

Bukoba lala usiku mmoja. Ukipata MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, panda nayo usiku hadi Mwanza. Ulizia ratiba mapema. Wapo wasiopanda meli kwa sababu ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya ndugu zetu, na hofu yao ina haki. Hao waende kwa barabara ya Biharamulo na Chato. Anayepita Mwanza atarudi Geita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, karibu kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Sisi tuliowahi kushinda pale tukisubiri kivuko na kuku wetu hatulipiti bila kutazama chini.

Na hiyo habari njema: Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko Mkoa wa Geita, kwetu kabisa. Ina sokwe mtu, waliorudishwa Afrika katika miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuachiwa msituni, na vizazi vyao bado vipo. Mgeni anatoka Ujerumani kuja kuwatafuta. Siku mbili za mwisho za likizo ziweke hapo, kwa bei ya mwenyeji.

Pasipoti ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Inahitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho wengi wetu hatujui kilipo. Kimo ndani ya sanduku la bati la mama, chini ya kanga, pamoja na kadi ya kliniki. Kitafute leo jioni. Ofisi ya Uhamiaji inafunguliwa Jumatatu.